Printa ya Zamani Isitupwe

Kabla hujaitupa printa ya rangi yenye maandishi yanayofifia, tambua kichwa chake cha kuchapia kiko wapi. Katika HP DeskJet 500C ya mwaka 1991, kichwa kimo ndani ya katriji ya wino. Ukinunua katriji mpya, umepata na kichwa kipya. Katika Epson Stylus Color ya mwaka 1994, kichwa hubaki mashinini. Wino ukikaukia humo, katriji mpya haitafaa kitu, nayo fedha ya nyumbani imepotea bure. Kwa hiyo izime kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Kila wiki chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Dukani, kagua namba ya katriji na tarehe yake kabla ya kulipa. Kinga ni bora kuliko tiba.