Cheti cha Kompyuta na Mkono wa Fundi

Katika nyumba nyingi za kambini na katika kota za polisi, kuna mazungumzo ambayo hurudi kila mwisho wa mwezi. Kijana amemaliza masomo, naye ataka alipiwe mtihani wa cheti cha ufundi wa kompyuta. Baba, aliyebakiwa na miaka miwili kabla ya kustaafu, yu tayari kukopa katika chama cha akiba. Mama huuliza swali ambalo wengine hulicheka, kumbe ndilo swali lenyewe: cheti hicho kikishapatikana, kitaleta nini nyumbani?

Ada yake si ndogo. Mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, unaopima ufundi wa kuunganisha mitandao, ulipotolewa upya Februari 2020 ulitozwa dola 300 za Marekani, na anayeanguka hulipa tena akitaka kurudia. Tena cheti chenyewe hakidumu. Baada ya miaka 3 hufa, isipokuwa mwenyewe amefanya mtihani mwingine au masomo yanayokubaliwa. Vyeti vya A+, Network+ na Security+ vya CompTIA zamani vilikuwa vya maisha, lakini waliofaulu tangu mwaka 2011 hupewa vya miaka 3. Mzazi hudhani amenunua, kumbe amepanga.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba karatasi hizo ni bure. Mwajiri aliye mbali, ambaye hajapata kumwona mtu akifanya kazi, hana budi kutafuta ushahidi wa mtu wa tatu. Jambo hilo lilionekana wazi katika jeshi la Marekani. Mnamo Agosti 2004 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa agizo namba 8570, na mwaka uliofuata ikatoa kitabu cha utekelezaji wake: kila atunzaye usalama wa kompyuta za jeshi awe na cheti kinachotambulikana, kama vile Security+. Askari na watumishi wa wizara walipewa miezi 6 tangu kupangiwa kazi. Mafundi wa kampuni za nje walitakiwa kuwa nacho tangu siku ya kwanza. Hapo cheti kikawa kama kitambulisho cha langoni. Asiyekuwa nacho hakuulizwa anajua nini.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Februari 2023 wizara hiyohiyo ilitoa kitabu kipya, namba 8140.03, kilichochukua mahali pa kile cha zamani. Kitabu hicho kinakubali njia tatu za kuingilia: elimu ya chuo, mafunzo, au cheti. Tena kinataka jambo ambalo karatasi haiwezi kulitoa: mtu athibitishwe kazini, akitazamwa na wakubwa wake, kwamba kweli aweza kufanya kazi aliyopewa. Baada ya miaka ipatayo 18, jeshi tajiri kama hilo lilirudi kuutazama mkono wa fundi.

Sababu yake yajulikana na kila aliyekaa karibu na mitambo. Mitihani mingi huwa ya kuchagua jibu, na panapo majibu ya kuchagua, wapo wanaoyaiba maswali na kuyauza. Katika miaka ya mwisho ya 1990, vyeti vya Microsoft vilipokuwa vikitafutwa mno, huko Marekani palizuka jina la kejeli la wahandisi wa karatasi: watu waliokariri kitabu usiku, wakafaulu asubuhi, kisha wakasimama mbele ya mashine iliyozimika wasijue pa kuanzia. Waliodhurika zaidi, tukisema kweli, walikuwa wale walioupata ufundi kwa jasho, maana karatasi yao ilishuka thamani pamoja na ya wakariri.

Mitihani iliyo bora huwakwepa watu hao kwa kumketisha mtahiniwa mbele ya mtambo wenyewe. Mtihani wa RHCE wa kampuni ya Red Hat ni wa vitendo: kompyuta hii hapa, itengeneze ifanye kazi kama ulivyoagizwa. Mtihani mkubwa wa Cisco, yaani CCIE, ulioanza mwaka 1993, una sehemu ya vitendo ambayo mpaka mwaka 2001 ilichukua siku mbili. Mtahiniwa alijenga mtandao wake kwanza. Kisha msimamizi aliuharibu kwa makusudi, mtahiniwa akaambiwa atafute kasoro. Fundi yeyote wa karakana ya magari ya jeshi angeuelewa mtihani wa namna hiyo bila ya kufafanuliwa.

Tukirudi kwenye ile nyumba ya kota, huenda aliye na haja kubwa ya cheti si kijana, bali ni baba mwenyewe. Sajini aliyetumikia kikosi cha mawasiliano kwa miaka 15, akavuta nyaya mvuani na kuzihudumia kompyuta za makao makuu, hutoka jeshini na hati isemayo kwamba alikuwa mtu wa tabia njema. Mwajiri wa mjini huisoma hati hiyo asiambulie kitu juu ya ufundi wake. Kwa mtu huyo mtihani ni mkalimani, wa kuugeuza ujuzi wa kambini uwe lugha inayosomeka katika ofisi ya kiraia. Na fedha kidogo ya kiinua mgongo ikitumika hapo, haijapotea. Marekani serikali huwalipia wanajeshi wa zamani wanaostahili, hadi dola 2,000 kwa mtihani mmoja. Asiyelipiwa hana budi kuhesabu mwenyewe.

Kijana, kwa upande wake, asianze na ada. Aanze na kompyuta kuukuu, aifungue na kuifunga. Programu za Linux hupatikana bure, na Cisco hutoa bure kwa wanafunzi waliojiandikisha programu iitwayo Packet Tracer, ambayo humwezesha kujenga mtandao wa mfano bila kununua kifaa hata kimoja. Wakati huohuo akate matangazo ya kazi kwa muda wa miezi mitatu, aone ni cheti gani kinachotajwa na waajiri wa nchi yake. Asidanganywe na ukubwa wa jina: CISSP, kwa mfano, hudai kwa kawaida miaka 5 ya kazi, na afauluye bila ya miaka hiyo huandikwa mshirika tu mpaka aitimize.

Akishaweza kuurekebisha mtandao wa mfano ulioharibiwa na mwenzake, ndipo baba aende kwenye chama cha akiba. Naye mama aiandike tarehe ya kwisha kwa cheti palepale anapoandika ada za shule za wadogo, kwa kuwa gharama hiyo itabisha hodi tena baada ya miaka 3.