Jina la Kamoya Lifundishwe Madarasani

Mwanafunzi atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwenda Westlands hulipita Jumba la Makumbusho ya Taifa. Humo mmehifadhiwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wanafunzi wengi wamepelekwa kuitazama. Nachelea kwamba wengi wao hurudi na jina moja tu vinywani: Leakey.

Richard Leakey aliongoza msafara ule, na heshima yake ni stahiki. Lakini aliyekiona kipande cha kwanza cha fuvu, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwezi wa Agosti 1984, ni Kamoya Kimeu. Kilikuwa kipande kidogo, rangi yake ikishabihiana na changarawe iliyokizunguka. Kamoya hakusoma kupita shule ya msingi. Jicho lake lilinolewa na kazi ya kutafuta visukuku aliyoianza mwaka 1960.

Ugenini walimtambua. Mwaka 1985 Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi nishani ya Shirika la National Geographic. Alifariki mwaka 2022.

Je, sisi tunamtambua? Tukimtaja kiongozi pekee, tunamfunza mtoto kwamba elimu ni ya aandikaye ripoti, na kwamba ainamaye juani ni kibarua tu. Huo ni upotofu. Kutambua mfupa miongoni mwa mawe ni taaluma kamili. Walimu, mfundishapo chimbuko la binadamu, liandikeni ubaoni jina la Kamoya.