Risasi isiyo na mlio

Mtu akitaja risasi hapa Rumangabo, fikira za wote huenda kwa askari wa kambini. Hatuwalaumu, kwani mwaka 2012 na tena mwaka 2022 walisikia milio yake karibu na milango yao. Lakini leo twataka kunena juu ya risasi nyingine, yaani ile madini yenyewe, laini na nzito, iliyomo ndani ya betri kuukuu za motokaa. Juzi tuliona vijana wakivunja moja nyuma ya jiko, na watoto wamechuchumaa kando yao wakila ndizi kwa mikono yenye vumbi lile.

Mtoto mdogo anyonyaye sumu hiyo tumboni huipokea mara nne au tano kuliko mtu mzima. Wala hapati homa kwanza. Huwa mzito wa kujifunza, na mwalimu humdhania mvivu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi katika hewa na udongo wa wenyeji, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia.

Je, chakula chaweza kusaidia? Chaweza, kwa kiasi. Risasi haina mlango wake mwilini. Hupita katika milango ya madini ya chuma na ya kalsiamu, yaani ile chokaa ijengayo mifupa. Mtoto aliyepungukiwa na hayo mawili huinyonya risasi kwa wingi, na mwenye tumbo tupu vilevile. Basi asiende shule na chai kavu tu! Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma. Afadhali ingoje saa moja. Sambaza wa ziwa Kivu waliwe wazima pamoja na mifupa yao. Jibini ya Masisi na maziwa vina chokaa nyingi. Maharagi na lengalenga vina chuma, na chungwa au pera huusaidia mwili kuipokea.

Mama mja mzito ana haja kubwa zaidi. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, na chokaa ikikosekana mwili huibomoa mifupa, risasi ikamfikia mtoto tumboni. Ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kalsiamu kwa mama wa namna hiyo asiyeipata ya kutosha katika chakula. Nao udongo wa pemba waupendao akina mama umekutwa mara nyingi una risasi ndani yake.

Hata hivyo sambaza hawaing'oi risasi iliyokwisha kuingia mifupani, wala hawafagii ua. Tuliwasihi vijana wale waiuze betri nzima, bila kuivunja. Wawili walikubali, wa tatu alijibu kwamba vipande vyake amekwisha kumwahidi mvuvi wa Vitshumbi, kwa uzito wa wavu.