Picha za Uvimbe Zihesabiwe

Mgonjwa wa Kitendaguro, hapa Bukoba, apelekwapo Hospitali ya Bugando kule Mwanza ili uvimbe wake upigwe picha ya CT, hurejea na waraka unaotaja ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo, ilhali katika picha ile ile mna elimu nyingine adhimu ambayo jicho la tabibu, hata liwe hodari vipi, haliwezi kuidiriki. Tangu mwaka 2012, Philippe Lambin na wenzake walipoieneza fani ya radiomiki, wataalamu hupima kwa hesabu umbo la uvimbe, mng'ao wake na mpangilio wa chembe za picha, wakitafuta dalili za kubashiri kama dawa au mionzi itafaa.

Walakini hesabu hizo hubadilika kwa kubadilika mashine, na kanuni ya kubashiri iliyofunzwa kwa picha za wagonjwa wa Ulaya haistahili kuhukumu miili yetu kabla ya kujaribiwa hapa. Tusisahau kwamba ni katika Uganda, jirani yetu, ambako daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto, maradhi yaliyo nadra huko Ulaya. Na ili majaribio hayo yawezekane, picha zetu sharti zitunzwe, kwani filamu iliyowekwa chini ya godoro haihesabiki. Naiomba Wizara ya Afya iamuru kila picha ihifadhiwe kidijitali pamoja na matokeo ya tiba, siri za wagonjwa zikisitiriwa.