STAA AKILIA, SIYO KILA MARA NI KIKI

Staa mmoja wa kike hapa Bongo aliingia laivu usiku wa manane, hajapaka kitu usoni, macho yamevimba. Akasema amechoka, hapati usingizi, na kila akijitazama kwenye kioo anajiona mbaya. Hajamaliza hata kuongea, hukumu ishatoka: "Kiki hiyo, kuna ngoma inakuja." Mwingine akamalizia: "Gari unalo, nyumba unayo, stresi za nini?"

Hapo ndipo wengi wanapochemka. Wanadhani sonona ni ya mtu anayedaiwa kodi. Wapi! Inampata muuza mitumba wa Manzese na inampata anayelala kwenye kiyoyozi Masaki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akikaa na huzuni, au akakosa raha ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hiyo siyo kudeka. Usingizi unavurugika, chakula hakipiti, anajiona hana thamani, na wengine hufika mahali pa kuwaza kifo.

Halafu tukumbuke huyu dada katokea wapi. Alipoanza muziki walimcheka kwa weusi wake. Akajichubua, walewale wakaanza kuzungushia duara sugu za vidole zilizogoma kung'aa. Sasa mtu kama huyo atajipenda saa ngapi?

Ni kweli, wapo mastaa wanaouza machozi ili wazungumzwe, na hao wanawaharibia wenzao wenye shida ya kweli. Lakini kupitia kioo cha simu nani anaweza kuwatofautisha? Ukimwonea huruma muongo, umepoteza dakika mbili tu. Ukimcheka mgonjwa, kesho utaposti mshumaa na kuandika "pumzika dada yetu", na hatakusikia.

Kuna na ule utani wa "mpelekeni Mirembe". Mirembe ya Dodoma ni hospitali. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanarudi kazini na kulea watoto wao. Hata Muhimbili huduma ya afya ya akili ipo. Jina la hospitali likishageuzwa tusi, nani atathubutu kwenda?

Na anayeumia zaidi kwa maneno hayo wala siyo staa. Ni kijana wa bodaboda kule Buza, wiki ya tatu halali, anasoma komenti kimyakimya kitandani. Alikuwa amepanga asubuhi amwambie kaka yake ukweli. Anaona vile dada wa watu anavyochambuliwa, anazima simu, anaamua kunyamaza. Kesho atasema yuko poa, na kaka yake ataamini, kwa sababu jana na yeye alikuwa humohumo akiandika "kiki hiyo".

Wadau, kabla ya kubonyeza tuma, mfikirieni huyo wa Buza. Huenda ni mtu wa nyumbani kwenu.