Testi Zako Ziko Kijani Kwa Sababu Zinakudanganya

Wacha niseme, na najua mtanuna: wengi wetu tunaounda programu za kulipisha watu kwa M-Pesa hatufanyi testi. Tunaigiza.

Mimi mwenyewe nimeigiza. Nilimtengenezea mama mmoja anayeuza biriani hapa Mtopanga mfumo wa oda kwa ASP.NET Core. Testi zote kijani. Ijumaa ya kwanza tu, STK ikamtokea mteja kwenye simu, akaikanseli, na mfumo ukaandika "imelipwa". Biriani ikaenda, pesa haikuja. Mama hata hakunifokea, aliniangalia tu. Wallahi afadhali angenitukana.

Sasa sikia kosa lilipokuwa. Dipendensi injeksheni, kwa lugha ya mtaa, ni hivi: programu haijiundii vifaa vyake, inaletewa kutoka nje. Ndiyo maana kwenye testi unaweza kuiletea M-Pesa bandia. Hapo sawa. Lakini mimi nilibadilisha kila kitu: malipo bandia, databesi bandia, hata sehemu inayopokea majibu, bandia. Nikawa napima nini? Bandia zangu mwenyewe.

Na hiyo M-Pesa yangu ilijua neno moja tu: sawa. Daraja ya Safaricom haiko hivyo. Jibu la kwanza linakwambia ombi limepokewa, basi. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani uliyoitoa: ResultCode 0, amelipa, 1032, amekanseli. Mimi nikachukua lile jibu la kwanza nikaliita malipo.

"Lakini databesi ya kwenye memori ni ya haraka!" Haraka ya kwenda wapi? Ile ya EF Core itapokea rekodi mbili zenye namba moja ya risiti hata kama umekataza. Microsoft wenyewe wanashauri usiitumie kwa testi.

Siku hizi nafanya hivi. WebApplicationFactory inawasha programu nzima. Ndani ya ConfigureTestServices, ambayo inaendeshwa baada ya programu kusajili vitu vyake, nabadilisha kitu kimoja tu: ule mlango wa kwenda M-Pesa. Usajili wa mwisho ndio unashinda. Databesi ni PostgreSQL, ile ile ya kazini, kwenye kontena. Na bandia yangu imefunzwa ubishi: testi moja inaleta 1032, nyingine haileti jibu kabisa, nyingine inaleta jibu lile lile mara mbili.

Ndiyo, ziko polepole. Kaa usubiri. Anayeharakishwa na sekunde ni wewe, anayepoteza hela ni mama wa watu.

Leo jioni fungua testi zako uhesabu umebadilisha vitu vingapi. Kilicho nje ya programu yako, kiache bandia. Kilicho ndani, kirudishe halisi. Zikigeuka nyekundu, usikasirike. Hapo ndiyo umeanza kupima.