Brokoli zote si sawa: tuulize aina ya mbegu

Wengi wetu tukisikia brokoli ina faida, hudhani kila brokoli ni sawa. Sivyo. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akiwemo Paul Talalay, walieleza kuwa machipukizi ya siku tatu huweza kuwa na glukorafanini mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Chipukizi likitafunwa, glukorafanini hugeuka salforafani, ambayo huamsha vimeng'enya vinavyousaidia mwili kuondoa sumu. Lakini kiasi hutegemea aina: mbegu za aina moja huwa nayo tele, za nyingine kidogo, na chipukizi hupata ilichokuwa nacho mbegu.

Basi anayetuuzia mbegu au unga wa brokoli bila kutaja aina, anatuuzia jina tu. Tena mbegu nyingi za kupandia hutiwa dawa ya sumu, hizo haziliwi. Machipukizi mabichi nayo huweza kubeba bakteria. Wajawazito, wazee na watoto wadogo wayale yakiwa yamepikwa vizuri. Hiki ni chakula, si tiba. Mgonjwa asiache dawa za hospitali.